UZI: Yaliyotokea ndani ya ndege pale Songwe. Mhudumu akikwambia kaa, kaa

MamaParachichi (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima na halinitoki. Nitaeleza kwa kirefu, mwenye haraka anisamehe.

Mimi ni mfanyabiashara wa parachichi, nakusanya Rungwe napeleka Dar. Safari zangu zote ni basi. Alhamisi iliyopita nilipanda ndege kwa sababu nilikuwa na mama yangu mzazi, ana miaka sabini na kitu, alikuwa na miadi ya macho Dar saa nane mchana. Mgongo wake hauwezi tena kukaa kwenye basi siku nzima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alijifunga kitenge kipya, akabeba kikapu kidogo cha ndizi za mjukuu wake.

Tuliondoka Tukuyu usiku, saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumeshafika kiwanja cha ndege cha Songwe, Mbeya. Wanaoijua Songwe wanajua habari ya ukungu. Siku hiyo ulishuka mpaka ukisimama mlangoni huoni uzio wa mbele. Ndege ya kutuchukua ilikuwa haijaondoka Dar. Hilo halina wa kulaumiwa, ukungu ni wa Mungu. Ila kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi hakuna mtu wa kampuni aliyesimama kutuambia chochote. Tuliona tu wenzetu wanaulizana.

Hapo ukumbini kulikuwa na baba mmoja, mtu wa makamo, koti zuri, mchangamfu sana. Alitupigisha stori za bei ya mahindi Tunduma, akamwamkia mama kwa heshima. Alikuwa na chupa ya maji mkononi. Kadiri saa zilivyokwenda sauti yake ilipanda, na mimi nikagundua kwa harufu kwamba yale hayakuwa maji.

Tulipoingia ndani akakaa siti isiyo yake, ile ya kwenye mlango wa dharura. Mhudumu, binti mdogo wa umri wa mwanangu wa pili, akamwomba ahamie siti yake. Mara ya kwanza, mara ya pili. Yule baba akajibu kwa sauti: "Wewe kazi yako kuleta soda. Kalete soda." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Akahamia, lakini kwa hasira. Milango ikafungwa, ndege ikaanza kutembea taratibu kuelekea njia ya kurukia. Ghafla akainuka, akaja mpaka kwetu, akafungua kabati la mizigo lililokuwa juu ya kichwa cha mama, anavuta begi lake. Yule binti akaja huku ameshikilia viti kwa sababu ndege ilikuwa inakata kona. Jambo la kwanza alilofanya, na hili nililiona kwa macho yangu kwa umbali wa shubiri mbili, aliweka kiganja chake chini ya lile begi ili lisimwangukie mama. Wala hakuwa amemgusa yule baba. Yule baba akamsukuma kwa kiwiko. Binti akaangukia mkono wa kiti upande wa nyonga, kiatu kimoja kikabaki katikati ya njia.

Hakupiga kelele. Aliinuka bila kiatu, akaenda ukutani kwenye simu yao, akasema maneno machache sana. Ndege ikasimama. Mle ndani kukawa kimya, nikasikia kikapu cha mama kinagonga gonga kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Tukarudishwa. Askari wakapanda, yule baba akashuka bila ubishi, mlangoni hata akaomba msamaha. Tukadhani tunaondoka. Haikuwa hivyo: mizigo ikaanza kushushwa kutafuta wa kwake. Saa nzima na dakika arobaini. Tumetua Dar, miadi ya mama imeshapita.

Tukiwa kwenye teksi mama akaniuliza kwa Kinyakyusa: "Yule mtoto alipotukanwa, kwa nini mlicheka?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Naombeni wenye uelewa: mhudumu ana mamlaka gani hasa? Sheria inasemaje? Na sisi abiria tunatakiwa kufanya nini? Nawasilisha.

Kamwene_Ipogolo

Kamwene mama, pole sana na mpe pole bibi. Lakini mimi nisiungane na wote. Kosa la kwanza ni la hiyo kampuni. Saa tatu bila taarifa, watu hawajanywa chai, unategemea nini? Hapa kwetu Iringa ukimweka mtu stendi saa tatu bila kumwambia basi liko wapi, hata mchungaji atagomba. Mtu akidharauliwa na yeye anadharau wa chini yake. Yule binti alilipa deni la mabosi wake.

MamaParachichi

Kamwene mkuu, kwenye kudharauliwa uko sahihi na nitawaandikia. Lakini tulikuwa abiria wengi mle, wote tumekaa saa zile zile, na mama yangu alikuwa na njaa kuliko wote. Aliyemsukuma binti ni mmoja.

Mhudumu_Mstaafu

Mama, nimesoma nikalia. Nimefanya kazi ya kuhudumu kwenye ndege miaka kumi na miwili, sasa nimerudi nyumbani Mbeya nalea. Niruhusu nieleze vizuri kwa sababu hili la "kalete soda" nimeambiwa mara nyingi.

Soda ni kazi ndogo kuliko zote tulizofundishwa. Darasani tulijifunza kuzima moto, huduma ya kwanza, kumzalisha mama akishikwa na uchungu angani, kumdhibiti mtu mkorofi, na juu ya yote kutoa watu nje. Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba inaweza kutoa watu wote kwa sekunde 90, na hapo nusu ya milango ikihesabiwa haifanyi kazi. Sekunde 90, gizani, na mizigo imetapakaa njiani. Ndiyo maana binti alimwondoa kwenye siti ya mlango wa dharura. Anayekaa pale anatakiwa awe na akili timamu ya kufungua mlango akiambiwa, na asiufungue asipoambiwa. Mlevi hakai pale hata kama tiketi imeandikwa hivyo.

Ile simu ya ukutani, akiinyanyua anaongea na rubani moja kwa moja. Kuna madaraja manne ya ukorofi yanayotambulika duniani kupitia shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO. La kwanza ni maneno na ubishi. La pili ni kugusa mtu, kusukuma, kupiga. La tatu ni kutishia uhai. La nne ni kujaribu kuingia kwa marubani. Yule baba alianza la kwanza akiwa kwenye siti, akaingia la pili kwenye kabati la mizigo. Rubani akishasikia ni la pili na bado yuko ardhini, hapai. Angepaa ingekuwa ni kosa lake.

Kuhusu mizigo kushushwa, najua inauma. Begi haliruki bila mwenyewe. Dunia ilijifunza hilo kwa damu: tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya Lockerbie, Scotland, kwa bomu lililokuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakuwemo ndegeni. Walikufa watu 270, wakiwemo 11 waliokuwa majumbani mwao pale chini. Hivyo hata kama unamjua yule baba ni mkulima wa mahindi, begi lake linashuka naye.

Na pombe. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hukandamizwa iwe sawa na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, Kitulo ni kama 2,600. Kwa hiyo hata mtu wa pwani asiyejua mlima, akipaa tu ni kama amepandishwa karibu na Kitulo kwa dakika ishirini, hewa kavu, tumbo tupu. Oksijeni inapungua, na mlevi akipungukiwa oksijeni akili yake inazidi kulegea. Ndiyo maana aliyelewa tunamzuia mlangoni. Huyu alipaswa kuzuiwa mlangoni, na hapo wenzangu wa ardhini walikosea.

Kijana_Mafiati

Heshima kwenu wakubwa, lakini naona tunakuza mambo. Mlevi mmoja, mtu wa makamo, atafanya nini kwenye ndege? Watu mle ni zaidi ya sabini. Wangemshika akatulia, safari ikaendelea, bibi akawahi miadi.

Dereva_wa_Zamani

Kijana wangu, mimi nimeendesha basi Mbeya–Dar tangu barabara haijawa na mataa. Nikuulize: umewahi kuona abiria anagombana na dereva tukiwa Kitonga? Hujaona. Walevi wanapanda Mafinga wamejaa ulanzi, wanaimba, wanamtukana konda, wanadai chenji. Tukishaanza kushuka Kitonga, kona ile, lori mbele linanuka breki, kulia korongo, basi zima linanyamaza. Mlevi mwenyewe ndiye anamwambia mwenzake nyamaza dereva afanye kazi. Hakuna aliyemfundisha. Anaona korongo kwa macho.

Ndege ni Kitonga kuanzia mlango unapofungwa mpaka unapofunguliwa. Tofauti ni kwamba korongo lake hulioni, kuna mawingu meupe mazuri chini, basi mtu anadhani yuko sebuleni. Na mimi nikikorofishwa namshusha mtu Igawa, atajua mwenyewe. Rubani atamshusha wapi?

Kijana_Mafiati

Nimekuelewa mzee. Shikamoo.

Mwalimu_Tukuyu

Marahaba kwa niaba yake, maana naona mzee ameshaondoka. Niongeze historia, vijana wengi hawaijui. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737, ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar. Nilikuwa darasa la sita, tuliisikia redioni. Waliiteka vijana wa Kitanzania wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, ikaishia uwanja wa Stansted, Uingereza, ambako walijisalimisha siku mbili baadaye. Safari ya ndani kabisa ya nchi, ya watu wanaorudi makwao, ikaishia Ulaya. Kwa hiyo ukipekuliwa pale Songwe mpaka mkanda wa suruali, usiseme "hapa ni Mbeya, nani ateke ndege". Mwanza nao walidhani hivyo.

Na utekaji mwingine, ulio jirani zaidi na bahari yetu. Tarehe 23 Novemba 1996 watu watatu waliiteka ndege ya Ethiopia iliyokuwa inatoka Addis Ababa kuja Nairobi. Walitaka iende Australia. Rubani Leul Abate akawaambia mafuta hayatoshi. Hawakumwamini. Waliona maandishi kwamba ndege ya aina ile inaweza kufika mbali, wakadhani anawadanganya. Mafuta yakaisha kweli, ikaanguka baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Watu 175, wakafa 125. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamejaza upepo majaketi ya kuokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likambana mtu darini, akashindwa kutoka. Maelekezo ya kila safari yanasema usilijaze mpaka uwe nje. Ndiyo yale ambayo sisi tunaongea na simu wakati binti anayaonyesha kwa mikono.

Kamwene_Ipogolo

Mwalimu, hilo la jaketi sikulijua. Nimepanda ndege mara nne na sijawahi kusikiliza hata moja.

Mwanasheria_Forest

Mleta uzi aliuliza sheria. Nitajibu kwa lugha nyepesi.

Kwa safari ya ndani kama Songwe kwenda Dar, ni sheria za Tanzania tu. Kumsukuma mtu ni shambulio, liwe Mwanjelwa sokoni au ndani ya ndege, na juu yake kuna sheria ya usafiri wa anga ambayo TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, inaisimamia. Kutotii maelekezo halali ya rubani au wahudumu wake ni kosa peke yake, hata kama hujagusa mtu. Na neno bomu, wakuu, msilitamke kiwanjani hata kwa mzaha. Askari hana kazi ya kupima kama ulikuwa unatania.

Safari za nje ndiko kwenye utata. Kuna Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963. Huo unasema mwenye mamlaka ni nchi ambako ndege imesajiliwa. Zile alama 5H unazoziona ubavuni mwa ndege maana yake ni Tanzania. Mkataba huo unampa rubani nguvu ya kumfunga mtu, kumshusha, na kumkabidhi kwa polisi wa nchi anakotua, kuanzia milango yote inapofungwa mpaka mmoja unapofunguliwa. Na akifanya hivyo kwa sababu za msingi hashtakiwi, yeye wala mhudumu, wala abiria aliyesaidia.

Shida ilikuwa hapa: ndege imesajiliwa nchi A, mkorofi kampiga mtu, imetua nchi B. Polisi wa B wanasema hili si letu. Mtu anatoka anachukua teksi. Ndiyo ikaja Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2020, ikaipa nguvu na nchi ndege inakotua, kwa nchi zilizoiridhia.

Hali ni mbaya kiasi gani? IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilihesabu mwaka 2022 tukio moja kwa kila safari 568. Mwaka 2023 ikawa moja kwa kila safari 480. Marekani peke yake mwaka 2021, enzi za barakoa, ziliripotiwa kesi 5,973.

Mama, kitu kimoja cha vitendo. Kesi hizi zinakufa kwa sababu mashahidi wanaruka na ndege. Mlalamikiwa yuko Mbeya, binti yuko Dar, abiria wametawanyika. Kama hujaandika maelezo polisi, huyo baba kesho kutwa yuko huru na anaweza kudai binti ndiye aliyemvuta.

Mdau_Mbalizi

Naomba kuuliza, samahani kama ni swali la kitoto. Mtu akiamua kufungua mlango tukiwa juu?

Mhudumu_Mstaafu

Si la kitoto, naulizwa kila msibani na kila harusini. Ndege ikiwa juu kabisa mlango haufunguki kwa mikono. Hewa ya ndani inausukuma kwenye fremu yake kwa uzito wa tani kadhaa, hata wanaume kumi hawauwezi. Hatari ni chini, karibu na kutua, presha inapokuwa imelingana. Tarehe 26 Mei 2023 huko Korea Kusini, abiria alifungua mlango wa ndege ya Asiana ikiwa mita mia mbili na kitu kutoka ardhini, ikikaribia kutua Daegu. Ikatua mlango wazi, hakuna aliyeanguka, ila watu kadhaa walipelekwa hospitali kwa shida ya kupumua. Siti ya mlangoni ina maana yake.

Na niseme jingine ambalo linanikaa moyoni. Si kila mkorofi ni mlevi. Tarehe 29 Desemba 2000 ndege ya British Airways ilikuwa inatoka London kuja Nairobi na karibu watu 400. Kijana mmoja aliingia kwa marubani akashika usukani, ndege ikaporomoka maelfu ya futi juu ya Sudan. Marubani na abiria wakamvuta, ikatua Nairobi salama. Kumbe alikuwa mgonjwa wa akili, anaamini kuna watu wanataka kumuua. Enzi hizo mlango wa marubani ulikuwa kama wa chumbani. Ule mlango mzito usiopenya risasi umekuwa lazima kwenye ndege kubwa za abiria tangu Novemba 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kukaa na abiria aliyekuwa anatetemeka na kuongea peke yake, na watu wa jirani wanamrekodi. Nilimshika mkono saa nzima, nikamsimulia habari za kijiji chetu, akatulia. Alikuwa anatoka kumzika mtoto. Mkimwona mtu wa namna hiyo, bonyezeni kitufe cha kumwita mhudumu, mseme kwa sauti ya chini. Msimrekodi, msimcheke, msimzunguke. Mkihitajika kumshika tutawaomba wenyewe.

MamaParachichi

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimemsomea mama uzi mzima, sehemu ya Komoro akaniomba nirudie.

Mrejesho: macho yalitazamwa Jumatatu, ana mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Tumerudi kwa basi kwa sababu hela ya ndege iliisha kwenye kulala Dar siku nne. Mgongo umemsumbua, nimemkanda kila jioni.

Nimeiandikia kampuni barua yenye mambo mawili. La kwanza, saa tatu bila neno moja, na mtu amelewa mbele ya macho ya wafanyakazi wao akapandishwa. La pili, nimeeleza alichofanya yule binti kwa kiganja chake chini ya begi, maana naamini hakuna mwingine aliyekiona. Hawajajibu.

Na ushauri wa Mwanasheria tumeufuata. Jana tulishuka Mbeya polisi, mimi na mama. Askari aliandika maelezo yetu kwa mkono, kurasa tatu. Nilipofika kwenye "abiria walicheka" nilitaka kuruka, mama akasema iandikwe. Ikaandikwa. Mama hajui kusoma, akasomewa yote, akaweka dole gumba.

Kama ulikuwa kwenye ndege ile na ulirekodi, nakuomba usiirushe mitandaoni, sura ya yule binti inaonekana na yeye bado yuko kazini. Ipeleke polisi. Na kama ulikuwa siti za mbele ukaona kiwiko kilivyokwenda, tuko mashahidi wawili tu mpaka sasa, na mmoja haoni vizuri.